Kiatu cha Mfalme wa Marumaru

Ukitaka kucheka, cheka, lakini shahidi wangu ni shingo hii. Nashona nguo za harusi hapa ugenini, mtaa wa Bellevue, na kwetu sisi Wakongo, harusi bila picha za bustanini si harusi. Jumamosi ile tulimpeleka mdogo wangu Furaha, bi harusi, kwenye bustani moja mtaa wa jirani, Kensington, mbele ya sanamu ya marumaru ya mfalme fulani wa Wazungu.

Mfalme mwenyewe, ungemwona! Mashavu kama maandazi, kaketi kitini, malaika anamvika taji, mwanamke mmoja anamshikia mizani, eti ya haki. Chini kabisa kapiga magoti mwanamke mwingine waliyemwandika jina Afrika, kikapu cha matunda kichwani, na juu ya kikapu bwana mkubwa kaweka kiatu chake. Mtu ambaye hakuwahi kubeba hata ndoo ya maji! Na watu wanapanga foleni wapige naye picha.

Jioni, jua bado lipo, wenzangu walitangulia kwenye magari. Nikarudi kuchukua pini zangu. Karibu na bomba la maji nikamkuta mama kapiga magoti, mzigo kichwani, kanipa mgongo. Mweupe pe. Nikadhani ni poda ya harusi.

"Dada, shingo inaniuma sana," akasema.

Ningefanya nini? Kwetu Bukavu humpiti mama mwenye mzigo. "Pole mama, leta nikupokee."

Akageuka. Macho hayakuwa na mboni. Niamini, mikononi sikupokea kitu, ila shingo yangu ilikunjwa kama imekanyagwa. Yeye akainuka, kichwani hana kitu tena, akanyoosha mgongo, akatoka getini bila asante.

Mlinzi, kaka mmoja wa Tanga, akaniuliza, "Dada, yule bi mkubwa mweupe mbona kapita bila kuaga?"

Tukatazama sanamu pamoja. Afrika hayupo. Mguu wa mfalme unaning'inia kama wa mtoto aliyekalishwa kiti cha wakubwa.

Siku hizi wameweka matofali chini ya kiatu kile, na maharusi bado wanakuja. Mimi kichwa hakiinuki. Hospitali wanasema ni cherehani. Furaha akinitembelea, lazima akae sakafuni ndipo nione uso wake, na hilo linaniuma kuliko shingo.

Basi ukifika pale ukaombwa msaada, uliza kwanza mzigo ni wa nani. Mimi nilidhani nampokea mama aliyechoka. Kumbe nilikubali kumshikia mfalme kiatu, na jiwe lile halijui hata jina langu.