Spika Zilizoelekea kwa Yusufu

Tangu Yusufu, mpiga disko wa ng'ambo ya bonde, anunue spika zenye amplifaya ndani yake, Sefania, mpiga disko wa harusi za Vuga, hakuwa na raha. Kila Jumamosi muziki wa Yusufu ulivuka bonde ukamwasha kama pilipili kichaa.

Akashuka dukani Lushoto.

"Chukua hizi za inchi kumi na mbili, kaka," muuzaji alimwambia. "Nyepesi, bodaboda inapanda nazo mlima bila kulia."

"Yusufu alichukua zipi?"

"Hizi hizi."

"Basi nipe za kumi na tano."

Kwenye harusi ya kwanza alizielekeza ng'ambo, wageni akawapa mgongo wa spika. Shangazi wa bibi harusi akamfuata.

"Mwanangu, kwani mlima ndio unaoolewa?"

Sefania akatoa shikamoo, akaongeza sauti. Punde ujumbe wa Yusufu ukaingia kwenye simu: "Ahsante, ndugu yangu. Nimezima zangu, wageni wangu wanacheza zako, mimi nakula pilau. Ongeza besi kidogo."

Sefania alizigeuza spika mbio, nusura ajikwae kwenye nyaya. Wageni wake wakainuka kucheza. Yeye hata hakuwatazama. Alitega sikio ng'ambo, asikie kama Yusufu ameacha kula.