Vidonge vya Babu

Kwetu mtoto haongei mambo ya kitanda na baba yake. Mjukuu ndiye anaruhusiwa. Bibi nilimwita muke wangu tangu utoto, na babu aliniita mupinzani. Bibi alipofariki, babu akaoa mama mmoja wa Nyakabere, nami nikaendelea na utani uleule.

Mwaka jana babu alitoka Runingu, akalala kwetu Kimanga, maana kesho yake alikuwa aonwe na dokta wa moyo. Kifua kilikuwa kinambana, na alipewa kidonge cha kuweka chini ya ulimi kila kikimbana. Nilimweleza habari ya duka nitakalofungua, lenye vioo mpaka chini, ingawa simu za watu nazitengenezea juu ya meza kando ya barabara. Kisha nikauliza, "Na muke wetu? Kama umechoka useme, nije kukusaidia."

Siku zote hunijibu kwamba hata ndevu sina. Safari hii hakucheka. Alichungulia kama baba yuko karibu, akatoa mfukoni karatasi ya vidonge. Akanieleza polepole kwamba tangu aoe, mwili unamkatalia kitandani. Muke wake hajasema neno, na kunyamaza kwake ndiko kunamuuma. Muuzaji anayezunguka sokoni na dawa ndani ya beseni alimwambia ameze kimoja ataona. Babu alikuwa anangoja kurudi nyumbani ndipo akimeze. Nilimwomba amwonyeshe dokta kwanza, akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi baba alitusindikiza, akaingia na sisi. Dokta, mwanaume wa sauti ya chini, akauliza dawa zote anazotumia. Babu akataja ya presha na ile ya chini ya ulimi tu.

"Hakuna ingine?"

Babu akamwangalia baba, akasema hakuna.

Nikaona atarudi Runingu na vile vidonge mfukoni. Nikasema, "Baba, utupe nafasi kidogo. Minye na babu tuko na kesi ya muke wetu."

Baba alitoka haraka, nadhani kwa shukrani.

"Haya weye mwongo," nikamwambia babu, "onyesha ile unataka kuniibia nayo muke."

Babu akacheka, karatasi ikatoka. Dokta akaisoma, uso ukabadilika.

"Mzee, umeshameza?"

"Bado."

Dokta akapumua. Alisema dawa hii na ile ya chini ya ulimi zikikutana, presha inaanguka ghafla na muntu anaweza kufa. Tena, ya beseni hakuna anayejua iko na nini ndani. Na aliyeimeza kisha kifua kikambana, asiweke kile cha ulimi. Akimbizwe hospitali na aseme alichomeza.

"Basi minye nimekwisha?" babu aliuliza.

Dokta alisema hapana. Shida hiyo wanaume wengi wanayo, na inaweza kutoka kwa moyo wenyewe, sukari, hata dawa. Atampima, watatafuta njia nyingine. Asiache dawa za moyo kwa kichwa chake, na arudi na muke wake. Babu akaacha vidonge mezani.

Nje aliniomba nimpigie simu yule mama wa Nyakabere. Alimwambia yote, akiangalia ukuta. Kisha nikasikia sauti ya mama:

"Na kifua?"

"Kimetulia."

"Basi uje. Nilifikiri ni minye sikupendezi."

Babu akanipa simu. Nikamwambia mama tuko njiani.