Nilisema Ni Damu Tu

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, ipo moja inayonijia hata nisipoiita. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, mkwezi wa minazi hapa Kiegeani, kisiwani kwetu, na ndoa yangu ilikuwa haijatimiza mwaka. Mke wangu, Zaituni, nilimtoa Chole, kisiwa kidogo ng'ambo ya maji. Alikuwa na mimba ya miezi miwili na nusu hivi, mimba yetu ya kwanza, nami nilikwisha kuitangaza kwa kila niliyekutana naye njiani, ingawa wazee walinionya kwamba mimba changa haipigiwi ngoma.

Asubuhi ile Zaituni aliniambia tumbo linamkata. "Leo usiende kazini, Salumu," alisema. "Sijisikii vizuri."

Nilikuwa nimeahidi kuangua nazi katika shamba la mzee mmoja wa Miburani, na wenzangu walikuwa wakinisubiri barabarani. Nikamwambia alale, litapoa. Nikachukua panga na kamba yangu, nikaenda. Nayasema haya bila kujitetea. Kijana mwenye nguvu hudhani kila maumivu ni uchovu, kwa sababu ya kwake yeye huwa ni uchovu.

Niliporudi baada ya alasiri nilimkuta shangazi yangu, Bi Mwanakombo, amekaa kizingitini. Huyu ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki, na alikuwa mkunga. Sehemu kubwa ya kijiji chetu ilipita mikononi mwake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini kabisa. Kisha akasema, "Mimba imetoka, baba. Ingia umwone mkeo."

Zaituni alikuwa kitandani, amejifunika kanga mpaka kidevuni, na machozi yanateremka kuelekea masikioni bila yeye kuyafuta. Nikakaa pembeni yake. Nilitaka kumfariji, mwanangu, Mungu ni shahidi yangu. Lakini sikuwa na maneno yangu mwenyewe, nikaazima yale niliyokuwa nikiyasikia kwa wanaume wakubwa.

"Usilie," nikamwambia. "Ilikuwa damu tu. Mtoto alikuwa bado hajaumbwa. Tutapata mwingine."

Aligeukia ukutani, akaivuta kanga ikamfunika kichwa. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, kwani mwenye kujikwaa dole angalau hujua. Mimi sikujua. Nilitoka mle chumbani nikiamini nimesema la kiume, tena la busara, nikaenda jikoni kutazama kama kuna chakula.

Shangazi akanifuata huko huko. "Umeoga?"

"Bado, shangazi."

"Kaoge, uvae nguo safi. Kisha chukua jembe unifuate nyuma ya nyumba."

Nilipofika nilimkuta amechuchumaa. Mbele yake palikuwa na bakuli dogo la udongo, limefunikwa kitambaa cheupe.

"Nilikuwa mlangoni, nikasikia ulichomwambia mwenzio," alisema. "Umesema ni damu tu. Umeiona?"

"Sijaiona."

"Basi umetoa ushahidi wa usilolishuhudia. Sogea uone."

Niliogopa. Mimi niliyekuwa nikipanda mnazi mrefu huku napiga mluzi, siku ile nilijikokota mpaka pale, nikapiga magoti kwenye mchanga. Shangazi akakifunua kitambaa taratibu, kama anavyofunuliwa mtu aliyelala.

Alikuwa mdogo kama pingili ya juu ya kidole gumba changu. Kichwa kilikuwa karibu nusu ya mwili wake, kimeinamia kifuani. Ngozi ilikuwa nyembamba hata nikaona ndani yake nyuzi nyekundu za mishipa. Nilikuwa nimetegemea donge tu, kitu cha kufukia na kusahau. Lakini alikuwa na uso, mwanangu. Vidoa viwili vyeusi kama punje za ufuta, ndiyo macho. Baina yao kivimbe kidogo, ndiyo pua. Chini yake mstari mwembamba, ndio mdomo. Mkono wake mmoja ulikuwa karibu na shavu, una vidole. Nilivihesabu mara mbili. Vilikuwa vitano.

"Huyo ndiye damu tu," shangazi alisema. Hakusema kwa hasira, na kukosa hasira kwake ndiko kulikoniumiza. "Mimi nimewaona wengi waliokuja kabla ya siku zao. Ikitoka mapema sana, kweli, huoni kitu. Lakini ikishapita miezi miwili, Mola amekwisha kumchora. Kilichobaki ni kukua na kukomaa."

Nikamuuliza, "Zaituni amemwona?"

"Alizimia. Alipozinduka nilikuwa nimekwisha kumwondoa. Hajaniuliza, nami simwambii mtu jambo ambalo hajawa tayari kuliuliza. Lakini atauliza tu. Na hataniuliza mimi, atakuuliza wewe, maana wewe ndiye uliyemwambia kwamba hakuwa kitu."

Maalim wa msikiti wetu alikuwa amekwisha kumwelekeza shangazi kwamba mimba ya umri ule haisaliwi. Hufungwa kitambaa safi ikazikwa mahali pasipokanyagwa. Nilichimba upande wa kibla wa nyumba, shangazi akamlaza, nikafukia kwa viganja vyangu. Jembe nililiacha pembeni. Niliona ni zito mno kwa kazi ile.

Hatujamaliza kunawa, tukasikia Zaituni anaita. Damu ilikuwa imezidi, godoro limelowa, na midomo yake imekuwa myeupe. Hapo nilikimbia, mwanangu, jinsi sijapata kukimbia. Jirani mmoja alikuwa na gari la mizigo la kubebea nazi. Tukamlaza Zaituni nyuma juu ya makuti, kichwa chake mapajani mwa shangazi, mimi nimemshika miguu, mpaka hospitali ya Kilindoni. Njia nzima nilikuwa nikimwomba Mungu asinitwalie wawili kwa siku moja. Waganga wakamsafisha, wakamwongeza maji, wakamlaza siku tatu. Akapona.

Mwili wake ndio uliopona. Tuliporudi nyumbani alikuwa akipika, akifagia, akiitikia ninapomwita, lakini ndani ya yale maitikio hamkuwa na mtu. Siku ya tano akaniomba nimpeleke Chole kwa mama yake. Nikampeleka. Sikumuuliza atarudi lini, naye hakusema.

Wiki zikapita. Nilikuwa naona haya kumfuata. Wenzangu huko minazini walinishauri nioe mwingine, kama vile mke ni kamba ya kukwelea, ikichakaa unasokota nyingine. Nikamweleza shangazi kwamba namwachia Zaituni nafasi apumzike. Akanitazama hivi. "Unajipumzisha wewe," akasema. "Aliyelimwaga ndiye hulizoa. Kesho nenda."

Nikaenda. Nilivuka kwa mashua kutoka Utende, nikamkuta mama mkwe, Bi Tatu, barazani anasuka ukili wa mkeka. Nikamwamkia kwa adabu zote, akaniitikia, akamwita bintiye. Zaituni akatoka, akakaa kwenye mkeka, mbali nami.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema.

"Kwa lipi?"

"Kwa neno nililokwambia siku ile."

Mama yake akasimamisha mikono kwenye ukili. Kisha Zaituni akauliza, bila kunitazama, "Ulimwona?"

"Nilimwona. Nimemzika kwa mikono yangu."

"Alikuwa na uso?"

Ndilo swali ambalo shangazi alisema litanifikia. Nikamweleza yote, polepole: kichwa kilivyoinama, macho yalivyokuwa, pua, mdomo, mkono karibu na shavu. Nilipofika kwenye vidole nikamwonyesha kwa mkono wangu: vitano.

"Alifanana na nani?"

Hapa, mwanangu, nilitaka kumdanganya. Ingekuwa rahisi kusema alifanana naye. Lakini nilikwisha kumpa neno moja la uongo, nikaona mavuno yake. Nikasema, "Alikuwa mdogo mno kufanana na mtu, Zaituni. Ila paji lake la uso lilikuwa pana."

Bi Tatu akasema, "Basi ni la kwetu hilo," akajipapasa paji lake, pana kama kawa la kufunikia chakula. Zaituni akacheka. Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, kilio kile alichokuwa amekizuia tangu siku ya kwanza, nami nikasogea kwenye mkeka nikalia pamoja naye. Bi Tatu akaingia ndani, akatuachia baraza.

Alipotulia akaniambia, "Nilidhani nimerukwa na akili. Kila anayekuja ananiambia hakuwa kitu. Sasa mimi nilikuwa namlilia nani?"

Baada ya wiki moja alirudi Kiegeani.

Ulipita mwaka na miezi kadhaa, akashika mimba nyingine. Safari hii nilimsindikiza kliniki mwenyewe. Nilikuwa mwanamume pekee kwenye benchi lile, na wanawake walinicheka chini ya kanga zao. Nesi alikuwa binti wa bara, mpole, na ukutani kwake palikuwa na picha ya mtoto tumboni, mwezi kwa mwezi. Siku ile aliieleza kwa kijiti, na hadi leo sijaisahau.

Alisema moyo huanza kupiga mapema, wakati kina mama wengi hata hawajajua kwamba wana mimba. Akasema uso hauji mzima. Huja vipande: kimoja hushuka kutoka juu, kwenye paji, vingine hutoka ubavuni, huku na huku, vikatafutana mpaka vikakutana katikati na kushikana. Macho huanza yakiwa mbali mbali, pembeni ya kichwa, kisha husogea mbele. Masikio huanzia chini, karibu na shingo, yakapanda. Akatuambia tujiguse pale chini ya pua, juu ya mdomo, penye kile kijifereji. "Hapo ndipo mlipounganishwa," akasema. "Kila mtu mnayemwona amepita hapo, mfalme na maskini." Benchi zima likajigusa, nami nikajigusa, wala hakuna aliyecheka tena.

Zaituni akainua mkono. "Nesi, ile ya kwanza ilitoka. Nilikuwa nabeba ndoo za maji. Ndiyo sababu?"

Nami moyoni nilikuwa na langu: kwamba niliitangaza mno, watu wakaitia jicho.

"Hapana, dada," nesi akasema. "Nyingi zinazotoka mapema hutoka kwa sababu mwanzo wenyewe haukukaa sawa. Si ndoo, si ugomvi na mumeo, si jicho la mtu. Hukukosea. Ila ukiona damu au tumbo linakata, usilale nyumbani kusubiri. Njoo mara moja." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe baba, ndiyo kazi yako hiyo. Kumleta."

Zaituni alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Usilolijua ni usiku wa giza. Sisi siku ile tulichomozewa. Miezi ilipotimia akajifungua binti, tukamwita Rehema, na shangazi ndiye aliyempokea kwa vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Baada yake wakaja watatu. Na ukimuuliza Zaituni leo ana watoto wangapi, atakujibu: "Watano. Mmoja ametangulia."

Nimekusimulia haya kwa sababu juzi mjukuu wangu, mwana wa Rehema, alikuwa hapa barazani anazungumza na mkewe kwenye simu. Mimba changa imemtoka yule binti. Nikamsikia mjukuu wangu anasema maneno yale yale, neno kwa neno, utadhani nilimrithisha: "Usilie, ilikuwa damu tu." Nikamwomba akate simu, nikamketisha. Nilipomaliza kumweleza, alichukua pikipiki yake, akaenda kwa mkewe.

Mwanangu, kaa na maneno haya. Usikipime kitu kwa udogo wake, maana nawe ulikuwa pingili ya kidole, na macho yako yalikuwa punje mbili za ufuta. Mwenzio akipoteza usichokiona, usimwambie hakikuwepo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mama huwa mzazi mapema kuliko sisi wanaume. Ukikosa la kusema, nyamaza na ukae naye; kukaa nako ni maneno. Akikwambia tumbo linamkata, ziache nazi zikauke juu mnazini, umpeleke hospitali. Umsindikize kliniki, ukajifunze jinsi mtu anavyoumbwa, kwani anayejua jinsi alivyounganishwa haoni fahari kumvunja mwenziwe. Na ukikosea, kama nilivyokosea mimi, usijifiche nyuma ya haya. Vuka maji, ukaombe radhi, useme kweli.

Mola aliyekuumba gizani bila kukosea kidole akuongoze mwangani. Akujaalie mwenza wa kusikilizana naye, akupe watoto wenye afya, na wale atakaowatanguliza akujaalie kuwalilia kwa heshima na kuwakuta kwa furaha. Nakuombea kwa moyo wangu wote. Amina.