Kingereza Nilifagia kule Bel-Air

Siku ya kwanza, Madame directrice, mukubwa wa shule ya Kingereza ya batu bazima kule Bel-Air, alinipa raclette, ile fimbo yenye mupira ya kusukuma maji ku sakafu ya ciment, akanionyesha geti. Akasema Kiswahili kinabakia inje, ndani ni Kingereza tu. Nikamuuliza miye nitafagia na lugha gani. Hakucheka.

Nilianzia ku vyoo. Kisha bakanipandisha kufagia mu darasa. Kazi ya darasa iko na akili yake: unamwanga maji kidogo mbele ya kufagia, vumbi ya chaki isiruke, na tableau, ule ubao, unaipangusa kuanzia juu, kwa kitambaa chenye kulowana. Shule yangu iliishia mwaka wa tatu wa primaire kule Pweto. Lakini masikio nilikuwa nayo. Miaka minane nilisikia Prof, mwalimu wa Kingereza, anagombeza makosa ileile, banafunzi wapya kila mwaka, mpaka Kingereza chenyewe kikaniingia.

Mu banafunzi kulikuwa Mama Ngoie, mujane, infirmière, muuguzi wa bagonjwa. Alitafuta kazi ku kliniki ya mugodi, na kule banaomba cheti ya Kingereza. Examen, mutihani wa ile cheti, ilimuangusha mara mbili. Akianguka ya tatu, nafasi yake inaenda kwa mwingine. Siku moja kabla ya juma ya mwisho ya masomo, saa sita ya muchana, nikamukuta peke yake mu darasa anapasua karatasi. Prof alimwambia kichwa yake iko jiwe.

Nikaokota vipande, akanisomea. Balimuuliza iko na batoto ngapi. Akaandika, kwa Kingereza, kwamba yeye iko pamoja na batoto batatu. Mama yake mwenyewe alimwandika "he", kama vile mwanaume. Nikacheka, kisha nikakaa pembeni yake.

"Mama, kichwa yako haiko jiwe. Wakati nilitoka Pweto, Kiswahili changu kilitembea na miguu ya Kitabwa, lugha ya mama yangu, bashemeji banacheka mpaka bugali inawatoka mu kinywa. Lugha ya mama haitoke mu nyumba sababu mugeni amefika. Inasogea ku kiti ingine, inaendelea kusema."

Nikamwanga maji, nikachora na raclette njia mbili ku ciment. Hii ya kwetu: uko na batoto, munatembea pamoja. Hii ya bale ba Kingereza: batoto unabashika, kama kintu mu mukono. Kwetu neno "yeye" ni moja tu. Kwabo, mbele ya kufungua kinywa, uangalie kwanza muntu iko mwanamuke ao mwanaume. Akaanza kucheka na machozi ingali ku macho.

Tukageuka, Madame directrice anasimama ku mulango, na Prof nyuma yake. Akauliza nani ameleta Kiswahili mu darasa. Mama Ngoie akainamisha kichwa.

"Ni miye," nikasema. "Lakini sikukileta, Madame. Kilikuwa kimekaa tayari. Prof anakifukuza kila siku, hakitoke. Afazali akisalimie."

Prof akaangalia zile njia mbili ku ciment, akaomba ajaribu vile, ile juma moja tu. Madame akakubali. Miye akanirudisha ku vyoo.

Kutoka ku vyoo nilisikia. Prof aliwaomba banafunzi baseme kwanza kwa Kiswahili, kisha baangalie pale Kingereza kinakata njia ingine. Mara ya kwanza, darasa ile ikacheka. Siku ya matokeo, Mama Ngoie akakuja mpaka kule ku vyoo, akanikumbatia na sabuni yangu yote. Alipita kwa shida, lakini alipita.

Sasa niliacha kazi, niko nyumbani, upande wa Annexe, magoti ilichoka ciment. Bajukuu bananisomea Kingereza yabo, na siwagombeze. Naisikiliza kwanza lugha ya mama yabo inasema ndani yake.

Mwezi hii moyo ilinisumbua, bakanipeleka ku ile kliniki ya mugodi, kule Mama Ngoie alipata kazi. Munganga, mugeni, akanisikiliza na mashini yake, akasema Kingereza mingi. Mama Ngoie akamujibu palepale, hakukwama hata kidogo. Kisha akanishika mukono, akainama.

"Mama Kalenga, anasema moyo yako ingali nguvu. Upumuzike tu."

Nilikuwa nimesikia yote tayari kwa Kingereza. Lakini nikamuuliza, nimusikie tena: "Amesema nini?" Akanirudilia polepole.