Mapengo Ukingoni

Maabarani walitania kwamba Mama Wembe angeweza kumnyoa sisimizi ndevu na sisimizi asiamke. Kazi yake ilikuwa kukata grafini, utando wa kaboni ambao unene wake wote ni atomu moja. Miaka kumi na tisa aliukata chini ya hadubini, ukingo utoke meno-meno kama msumeno, na hakuwahi kuharibu hata mmoja.

Meno hayo hayakuwa urembo. Katikati ya utando elektroni hukimbia huku na huko kama watoto waliofunguliwa shule, lakini kwenye ukingo wa meno-meno hutulia na kurundikana. Mashine ya kukagua ikipitisha sindano yake hapo, ukingo huwaka kwenye skrini kama uzi mweupe. Jino moja likikatwa kombo, elektroni hazikai, na uzi huacha pengo jeusi.

Jumatatu likatokea pengo moja. Mkuu wa maabara akalaumu hewa. Jumatano yakawa matatu. Akalaumu wembe, akaagiza mwingine. Ijumaa yakawa saba, na wembe mpya ulikuwa bado na mafuta ya kiwandani.

Mama Wembe akawachekesha wenzake kwamba sasa hata elektroni zimegoma. Moyoni hakucheka. Marehemu mama yake, fundi cherehani, alianza vivyo hivyo, mshono ukiruka hapa na pale, muda mrefu kabla watu hawajauona mkono ukitetemeka. Mwaka wa tatu akawa analishwa kwa kijiko.

Binti wa Mama Wembe, kitinda mimba, alikuwa akijifunza kazi kwenye meza ya pili. Akasogea, akanong'ona, "Mama, leta nikukatie. Tutasema umekata wewe."

"Kwani umeona nini, na hayo macho yako ya kuku jioni?"

"Nimeuona mkono wako, Mama."

Mama Wembe akainuka. Akampisha kiti. Binti akakata, mkono umetulia tuli, akauweka utando chini ya sindano. Uzi mweupe ukaanza kujichora. Ukaenda, ukaenda, bila dosari, na Mama Wembe akashusha pumzi.

Karibu na mwisho, pengo.

Binti akaguna, akasema labda ni hewa.

"Ndiyo, mwanangu. Ni hewa."

Akakishika kiganja cha binti kama anayekipasha joto, akasikilizia. Kulikuwa na mtetemo, mdogo mno. Lakini viganja vilikuwa viwili vilivyoshikana, na hakuweza kujua unatoka kwa nani.