Vidole Vinne Chini ya Jua

Saa nne asubuhi, na mapazia ya sebuleni yamefungwa kana kwamba ndani kuna mgonjwa. Nyuma ya benchi lililofunikwa kitambaa cheusi, mama wa miaka sitini na moja amechuchumaa, anainua sinia la shaba. Taa inalipiga, ukuta mzima unageuka rangi ya machungwa.

"Polepole, wifi! Jua gani hilo linakimbia kama limeiba?" anafoka dada wa mumewe, mshika taa.

"Shika taa yako, uniachie jua langu."

Mtaani anaitwa Bi Sinia. Kazi yake ni kutengeneza nembo za kampuni za filamu, zile picha fupi zinazotangulia filamu, jina likitokea kwa kishindo. Alianza enzi za kanda, wakati ukumbi wa video ulikuwa chumba cha mtu, televisheni moja, watu wamebanana hadi dirishani.

Nembo ilikuwa na sheria zake. Lazima kitu kipande au kiruke: jua, tai, radi. Jina liwe la dhahabu, lije mwisho.

"Mtu kamera ameazima, viatu ameazima, lakini anataka dunia nzima izunguke nyuma ya jina lake," anacheka. "Namzungushia. Dunia yenyewe ilikuwa mpira wa mwanangu, nimeupaka buluu."

Radi ilikuwa bati likitikiswa. Mawingu, maziwa yakimiminwa kwenye bakuli la kioo lenye maji.

Lakini iliyompa jina ni hii ya jua. Mwenye kampuni aliyeiagiza, sasa marehemu, alikuwa na kanda moja tu. Sinia lilipopanda, vidole vinne vya Bi Sinia vikaonekana chini yake, na kanda ya kurudia hakuna.

"Alinigombeza siku nzima. Eti nimemwaibisha."

Ukumbini, watu walipoviona walilipuka: "Pandisha, mama! Pandisha!" Tangu hapo ikawa desturi. Waliokuwa nje wakipiga soga wakisikia kelele hizo, wanakimbilia ndani.

Kumbi zikafungwa moja moja, kazi ikahamia kwenye kompyuta. Mwaka jana mzima alipata nembo moja. "Siku hizi kila mtu na simu yake, na nembo anairuka. Nani atampigia nani kelele?"

Mwezi huu binti wa marehemu, anayeifufua kampuni ya baba yake, alimletea kazi: jua lilelile, ila safi, bila vidole. Asiporidhika, atawapa vijana wa kompyuta.

Bi Sinia akaitengeneza safi. Kisha, kama kawaida yake, akajaza majirani sebuleni, akaiwasha, akakaa akiwatazama wao. Jua likapanda, liking'aa. Hakuna aliyetikisika.

"Hii kampuni ya nani?" akauliza fundi viatu wa nyumba ya pili.

"Ya baba yangu," akajibu binti.

"Baba yako nilimjua. Yake ilikuwa na vidole."

Hapo chumba kikachangamka. Vinne! Vitano! Mmoja akaapa aliona na pete. Binti, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba begani, akakaa.

"Hata alipokuwa anaumwa, akiviona vile vidole anacheka peke yake," akasema. "Nilidhani anacheka aibu. Virudishe, shangazi."

Ndiyo kazi ya leo. Tatizo ni kwamba vifundo vya mkono wa Bi Sinia vimevimba, na jua linatetemeka. Wamerudia hadi wifi amechoka kutania.

"Njoo huku chini, mwanangu," Bi Sinia anamwita binti. "Kampuni ni yako. Liinue mwenyewe."

"Kucha zangu zina rangi, shangazi."

"Ziache. Wapate cha kubishania."

Binti anavua viatu, anachuchumaa. Jua linapanda taratibu, limetulia, juu ya kucha nne nyekundu.

Bi Sinia ameomba jambo moja: filamu itakayotanguliwa na nembo hii isiingie kwenye simu kabla haijaonyeshwa mahali penye mabenchi, na binti amekubali. Majirani wameshaanza kugombea nafasi.

"Mimi nitakaa nyuma kabisa," anasema Bi Sinia. "Nataka nione migongo yao ikinyooka jua likipanda."