Mzee Aliyepiga Simu Columbus

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo mwili hunisisimka. Nilikuwa Columbus, katika ofisi ya mawakili, mchana kweupe, theluji ikianguka nje ya dirisha, na nilijifunza jambo kuhusu alama za chuo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha. Keti nikuhadithie, na chai usiiache ipoe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi. Mimi na mama yangu tuliishi Highview, kule Louisville. Mama alifungasha mizigo ghalani South End, nami nilikuwa mwaka wa kwanza wa sheria, ingawa umri ulikuwa umekwenda kidogo. Marehemu baba alikuwa wakili Bukavu. Alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili, tukamzika hukohuko. Basi Wakongo wenzetu wa kanisani waliposikia kwamba binti wa wakili ameingia shule ya sheria, hawakungoja nimalize. Waliniita Maître tangu juma la kwanza, kama anavyoitwa wakili kwetu.

Na mimi nilipenda, nisikudanganye. Mtu akishakuita Maître mbele ya kanisa zima, utamwambiaje huna nafasi?

“Maître, hii barua ya masomo ya mutoto iko inasema nini?”

“Maître, kesho twende wote hospitali, miye sisikiaka Kingereza yabo.”

Nilikwenda. Leo hospitali, kesho ofisi ya serikali, keshokutwa shule ya mtoto wa mtu. Vipindi vikanipita. Muhula ulipokwisha nikapata C katika sheria ya mikataba, na nyingine nazo hazikuwa za kujivunia.

Labda unajiuliza C ina ubaya gani. Sikiliza. Ofisi ya mawakili ikitafuta wanafunzi wa kuchukua kwa mafunzo ya kiangazi, haina kitu kingine cha kukupimia. Hujasimama mahakamani, hujaandika mkataba wa mtu. Inaomba alama za muhula wa kwanza, basi. Na alama zenyewe hutolewa kwa kukulinganisha na wenzako, kwa hiyo wakipanda wao unashuka wewe. Nafasi ya kwanza huleta ya pili, na ya pili huleta ajira. Niliomba kila mahali. Wengine walinikataa kwa adabu, wengine wakakaa kimya kabisa. Ofisi moja tu iliniita, hiyo ya Columbus. Nikiikosa, kiangazi ningekuwa ghalani na mama.

Sikumwambia mtu. Mama angejua, angesimama Jumapili kutoa ushuhuda kabla hata sijafika. Nilimwambia naenda kumtembelea rafiki. Ndani ya basi nilikaa kiti cha nyuma, peke yangu, nikajizoeza kwa kunong'ona: muhula uliopita niliugua sana. Nilikuwa sijaugua hata mafua.

Msichana wa mapokezi aliponiona alitabasamu. “Yule mzee wako ameuliza tena kama umefika,” akasema. Nikadhani ananichanganya na mtu mwingine.

Wakili mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alama zangu zilikuwa mezani kwake. Akaweka kidole kwenye ile C. “Hapa kulitokea nini?”

“Muhula uliopita nili...”

Simu ya mezani ikalia. Akaipokea, akasikiliza, akaiweka chini. “Hakuna mtu,” akasema, kisha akanigeukia. “Kabla hujajibu, nikueleze jambo. Tangu asubuhi kuna mzee anapiga simu hapa. Ana lafudhi ya Kifaransa. Anasema Mama Sheria ataniambia aliugua, nisikubali, nimuulize tena. Mama Sheria ni wewe?”

Mwanangu, nilishtuka. Mama Sheria ni jina alilonipa baba. Aliniita hivyo kwa sababu nilikuwa mwamuzi wa ugomvi wote wa watoto pale uani kwetu. Tangu tumzike, hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo tena. Nilitaka kugeuka nikashindwa, maana nilihisi kabisa kwamba mtu amesimama mlangoni nyuma yangu anangoja nijibu. Niliogopa sana.

Simu ikaanza kulia tena. Yule wakili aliiangalia tu.

“Sikuugua,” nikasema. Nikamweleza yote, hospitali, barua za watu, na jinsi nilivyopenda kuitwa Maître, jina ambalo sijalifanyia kazi. Nilipomaliza, simu ilikuwa imenyamaza. Sikusikia iliponyamaza.

Hakunipa nafasi. “Nakuamini,” alisema, “lakini kwa alama hizi siwezi kukutetea mbele ya wenzangu. Zipandishe kwanza.” Nilirudi Louisville mikono mitupu.

Nilimkuta mama anasonga bukari, yaani ugali wetu, nikamsimulia. Mwiko ukasimama.

“Alisema Mama Sheria? Ile jina?”

“Ndiyo, mama.”

“Baba yako njo alikuwaka anakuita vile. Miye huku sijamwambiaka mutu.” Akapunguza moto. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, “Na miye? Hakuniulizia?”

Swali lile liliniuma kuliko kukataliwa.

Jumapili iliyofuata mama alisimama kanisani. “Bon,” akasema, “huyu hajakuwa Maître. Ni mwanafunzi. Mumuache asome, akimaliza njo mutamwita.” Wengine walinuna, wakamtafuta mkalimani mwingine. Mimi nikasoma. Kiangazi kile nilifungasha mizigo, lakini alama zilipanda, na kiangazi kilichofuata ofisi ndogo hapa Buffalo, karibu na Grant Street, ikanichukua. Kabla hawajaniuliza kuhusu ile C, niliwaambia mwenyewe.

Basi nisikie, mwanangu. Alama zako zitaingia ofisini kabla yako, na hazitaeleza kwamba ulikuwa na huruma au kwamba watu walikuhitaji. Kwa hiyo soma kwanza, na ukiitwa jina kubwa kabla ya wakati wake, kataa, hata kama anayekuita ni mchungaji. Ukianguka, taja mwenyewe ulipoanguka na sababu ya kweli. Usitegemee kwamba ukweli utakupa nafasi. Mimi haukunipa. Sema tu, kwa sababu utakwenda na maneno yako popote uendako, na hujui nani anayasikia unapoyanong'ona.

Mungu akupe akili ya kusoma na moyo wa kusema kweli. Na wazee wetu, walio hai na wale wengine, wakuone umekomaa, wakuache ujisemee mwenyewe.